Lori la Mama Taratibu: Nguvu Kwanza au Ringi Kwanza?

Saa moja asubuhi, Mama Taratibu amesimama juu ya bampa ya lori lake, injini inaunguruma. Anafungua kifuniko cha oili, anakigeuza na kukilaza juu ya tundu lake. Kifuniko kinaruka, kinacheza, kinaanguka. Kingekuwa mchezaji, kingetuzwa. Mama Taratibu hacheki.

"Moshi unasukuma kutoka chini," anasema. "Ringi za pistoni zimechoka. Au labda hazijachoka sana." Hilo la pili analirudia kama mtu anayeomba dua.

Lori limetembea kilomita laki nane. Miaka kumi na mmoja amebeba kokoto nalo, na jina alilopewa na madereva wenzake limetokana na anavyopanda mlima: gia ya kwanza, macho kwenye kioo. Waendao kwa miguu humpita. Mmoja aliwahi kumsubiri juu ili amsalimie.

Sasa mkandarasi anayejenga kileleni anataka tani mbili zaidi kila safari, kuanzia mwezi ujao. Asiyeweza, apishe.

Fundi pampu, maarufu kama Bisibisi, ana dawa. "Nusu saa tu, mama. Naongeza dizeli kwenye pampu, turbo inayosukuma hewa tunaikaza kidogo. Utapanda ukipiga mluzi."

Mdogo wake Mama Taratibu, fundi injini, hataki kusikia. "Dada, injini ifunguliwe kwanza. Mzee wa magoti mabovu humshindanishi mbio."

"Nikifungua, nakaa wiki tatu bila kazi."

"Ikikufia kwenye kona, utakaa zaidi ya hapo."

Kona hiyo anaijua. Kulia ni mwamba. Kushoto, mapaa ya nyumba za watu yako chini ya matairi. Hapo mikono yake hulowa jasho hata mvua ikinyesha.

Wanakubaliana kupima. Mdogo wake anachomoa kijiti cha oili, anasugua tone kati ya vidole. Linavutika kama asali.

"Dada, umeweka nini humu?"

Bisibisi anakagua viatu vyake.

"Oili ya gia, ile nzito," anakiri Mama Taratibu. "Nimekuwa nikichanganya tangu mwaka jana. Injini ilikuwa inagonga, nikaogopa kuisikia."

Huo ni ujanja wa wauza magari mabovu: injini inanyamaza mpaka mnunuzi afike kwake. Mama Taratibu amejiuzia lori lake mwenyewe.

Oili inamwagwa, inatiwa ya kawaida, injini inawashwa. Ilipopata moto tu, ikaanza kugonga kutoka tumboni, ko, ko, ko. Taa nyekundu ya presha ya oili ikawaka. Bisibisi akarudisha zana zake mfukoni bila kuambiwa.

"Hii siigusi, mama. Nami naishi chini ya ile kona."

Mama Taratibu akaizima, akampigia mkandarasi kuomba wiki tatu. Akajibiwa: "Nitaona."

Wiki moja baadaye, pistoni zimepangwa juu ya gazeti na mkandarasi bado anaona. Mama Taratibu anatumaini kurudi kabla nafasi haijachukuliwa: apande na nusu mzigo kwanza, ringi mpya zizoee, ndipo dizeli ya pampu iongezwe. Ila ana sharti.

"Safari ya kwanza, fundi wangu anakaa kiti cha pembeni. Na mlango wake nitaufunga mimi."

Mdogo wake hacheki. Anachukua kipimo, anarudi kuipima upya silinda aliyokwisha kuipitisha.