Waziri Asiyesalimia

Mume wa dada yangu mkubwa ni fundi rangi. Mimi napiga lipu, yeye anakuja nyuma yangu na brashi, na kwa miaka mingi tumegawana nyumba za watu hivyo: makosa yangu anayafunika yeye, na sifa anachukua yeye. Simlalamikii. Ana mkono mtulivu, ana utani, na zamani hakuna aliyemshinda kwa salamu. Tukienda kazini alianza na muuza mkaa akamalizia kwa fundi baiskeli, na kila mmoja aliulizwa habari za mgongo, watoto na mama mkwe. Nilikuwa namwacha njiani nafika peke yangu.

Kisha salamu zikakatika. Watu wamekaa pande zote mbili za njia, wanampungia mkono, yeye anapita shingo ngumu, macho mbele. Wakaanza kumwita Waziri. Mwanzoni ilikuwa mzaha, baadaye wakawa wanalitaja jina hilo bila kucheka. Watu hawapendi kupitwa kama nguzo za umeme, na mimi siwalaumu.

Nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Dada hakuniambia mimi, maana kuna mambo dada hamwambii kaka yake. Alimwambia mke wangu, na mke wangu akimeza siri inamkaa vibaya tumboni. Nikaambiwa jioni hiyo hiyo, tukiwa tunakunja nguo. Waziri alikuwa hajamgusa mkewe kwa zaidi ya mwaka. Anarudi, anaoga, anakula kidogo, analala fofofo. Dada ameshaamini kuna mwanamke mwingine. Amefunga nguo zake kwenye begi, ameliweka sebuleni, pembeni ya mlango, makusudi kabisa, ili mumewe amuulize anakwenda wapi. Akiuliza, watazungumza. Asipouliza, mwisho wa mwezi anarudi kwa mama.

"Na ameuliza?"

"Wiki ya pili sasa. Analipita tu kila asubuhi," mke wangu alisema. "Hata halitazami."

Damu ilinichemka. Shemeji au si shemeji, huyu ni dada yangu. Kesho yake nilimkuta kwenye nyumba tuliyokuwa tunaimalizia, anapaka dari ya chumba cha watoto, nikafunga mlango nyuma yangu.

"Huyo mwanamke anakaa wapi?" nikamuuliza.

"Mwanamke gani?"

"Usinichezee akili."

Alishuka kwenye ngazi polepole, akageuza ndoo tupu, akaikalia. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Sikuwa nimejiandaa kumwona anajifuta macho kwa mkono wenye rangi.

"Shemeji, mwanamke nimtoe wapi?" akasema. "Hata huyo wa halali nimemshindwa. Hamu imekwisha, yaani imekwisha kabisa. Ndevu nanyoa mara moja kwa wiki, na hazioti. Nikipanda ngazi hii mara mbili nataka kulala. Kichwa kinauma kila siku. Mimi si mwanaume tena, ila usimwambie dada yako."

Aliniambia amepata duka la dawa wanakochoma sindano za kuongeza homoni ya kiume, bila maswali, na kesho anakwenda. Nikamwambia sindano isiyo na maswali sisi hatuchomwi. Nilimwonea huruma, lakini nilikuwa bado nimekasirika, na mtu mwenye hasira ana nguvu ya kuburuta mwenzake mpaka hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke, tena mdogo, umri wa binti zetu. Waziri alipomwona alitaka kugeuka arudi. Akageuka vibaya, bega likagonga fremu ya mlango, akarudi ndani anajipapasa. Daktari aliandika kitu. Kisha akauliza kila swali linaloweza kumfanya mtu mzima atamani kuingia chini ya meza, na aliuliza kwa sauti ile ile ambayo mtu huulizia kikohozi, mpaka shemeji akazoea akaanza kujibu.

Kipimo cha damu hakikufanyika siku ile. Homoni ya kiume, daktari alisema, huwa juu asubuhi na hushuka kadiri siku inavyokwenda, kwa hiyo aje asubuhi kabla ya kula, na aje tena asubuhi nyingine, kwa sababu jibu la mara moja linaweza kudanganya. Alikwenda mara zote mbili. Majibu yote yalikuwa chini, chini sana.

"Basi nichome sindano, binti yangu, nirudi kazini," Waziri alisema.

"Sindano ningeweza kukuchoma, mzee. Lakini kwanza nataka kujua nani amefunga bomba." Akamsomea kipimo kingine alichokuwa ameongeza. Kuna homoni inayowafanya akina mama watoe maziwa, wanaume nao wanayo kidogo, na kwake ilikuwa imepanda kupita kiasi.

"Maziwa?" Waziri akasema. "Mimi?"

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, na yeye mwenyewe akacheka, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Daktari hakucheka. Alisogeza kiti chake akakaa mbele yake, akamwambia amtazame puani asipepese, kisha akanyoosha mikono pembeni na kuchezesha vidole.

"Niambie ukiviona vidole."

Waziri alimtazama puani. Vidole vilikuwa vinacheza, kulia na kushoto, mimi naviona vizuri kutoka kwenye benchi. Yeye kimya. Daktari akaileta mikono karibu, karibu zaidi, mpaka ikawa inakaribia uso wake mwenyewe.

"Hapo naviona," Waziri akasema.

Kicheko changu kilikauka. Niliwafikiria wale wote waliompungia mkono mtaani. Kisha nikalifikiria begi.

"Shemeji, pale kwako pembeni ya mlango kuna nini?"

"Pembeni ya mlango? Hakuna kitu."

"Kuna begi. Dada amefunga nguo zake. Anangoja umuulize anakwenda wapi."

Alikunja kofia yake mapajani, akaikunjua, akaikunja tena.

Picha ya kichwa ilionyesha uvimbe chini ya ubongo, mkubwa kama harage, si saratani, umekaa pabaya: unakandamiza mishipa ya macho, unatoa ile homoni ya maziwa kwa wingi, na homoni hiyo inaizima ile ya kiume. Dawa yake ni vidonge, mara mbili kwa wiki, na vipimo vya mara kwa mara. Ngazi marufuku mpaka macho yapone. Daktari alisema macho huenda yakatangulia na mengine yakafuata polepole, na ndivyo ilivyokuwa, ingawa ilichukua miezi, na katikati alikata tamaa mara nyingi.

Lakini siku ile ya picha hatukujua yataishaje. Nilimsindikiza mpaka kwake kwa sababu aliniomba. Dada alikuwa mezani anachagua mchele. Waziri alibaki amesimama, akamwambia yote, mwili, macho, hata yale maziwa, haraka haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Mimi nilitazama sakafu. Kuna mambo kaka hapaswi kuyasikia.

"Daktari anasema nguvu zinaweza kurudi," akamalizia. "Labda miezi sita, labda zaidi. Siwezi kukuahidi. Ukitaka kwenda kwa mama, sitakulaumu."

Dada aliusukuma ungo pembeni.

"Nimekuuliza habari za nguvu mimi?" akasema. "Huo uvimbe. Utakuua?"

"Hapana. Amesema hapana."

"Apa."

Akaapa. Dada akainuka, akamshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza umwelekee yeye, na mimi nikatoka nje.