Kila Nyumba na Baluku Wake

Asubuhi hiyo kaka yangu alikuwa amechuchumaa uani kwetu Bwera, mji wa mpakani, akikaza mnyororo wa bodaboda yake. Mchumba wake, Biira, mwenye mimba ya miezi saba, alimshikia kopo la oili, mbali na gauni lake.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na ubishi wa kutosha nyumba nzima. Nilikuwa nikimuuliza mama kwa nini sisi Wakonzo tunawapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale, basi.

"Hayo si majina," nilisema. "Ni hesabu."

"Profesa Namba Mbili," kaka alicheka, "iko na maswali mingi kama mutu wa forodha."

"Mwache," alisema Biira. "Hata harusi yetu atauliza ya nini."

"Ya nini?"

Akanirushia tambara lenye grisi.

Mapigano ya jeshi na walinzi wa mfalme wetu yalikuwa yameanza juzi yake, upande wa Kasese mjini. Redio ilisema hali ni shwari. Barabarani walipita watu wamejitwika magodoro. Niliikasirikia redio, kisha mama kwa kuiamini, kisha nafsi yangu kwa kuendelea kuisikiliza.

Saa nne wanajeshi waliingia mtaani. Wanaume wote tuliketishwa chini, kwenye uwanja wa kanisa. Afisa alishika karatasi.

"Baluku! Simama!"

Walisimama kumi na mmoja, kaka akiwemo.

"Munanichezea?"

"Hapana, afande," alisema mzee mmoja. "Kila nyumba iko na Baluku yake."

Afisa aliitazama tena karatasi.

"Baluku wa Karambi."

Watano waliketi. Kaka alibaki. Alizaliwa Karambi, ndiyo, lakini tulihamia Bwera akiwa bado anatambaa. Nilimvuta suruali.

"Keti."

"Wataangalia kitambulisho, wataona si mimi."

"Afande," nilisema, "mnamtafuta Baluku yupi?"

"Wewe nani?"

"Bwambale."

"Nyamaza, Bwambale."

Hakuna kitambulisho kilichoangaliwa. Wote sita walipandishwa kwenye lori.

Kaka alinirushia ufunguo wa pikipiki.

Miezi iliyofuata nilizunguka ofisi za polisi na za jeshi na picha yake. Kila karani alifungua kitabu, akapitisha kidole, akaniuliza, "Baluku yupi?" Ndilo swali nililomuuliza afisa, na sikujibiwa. Wawili kati ya wale sita walirudi. Walisema walitenganishwa naye siku ya kwanza. Hatukupewa mwili, na mama hakukubali matanga.

Biira alijifungua mvulana. Alikuwa wa kwanza, kwa hiyo ni Baluku. Hakuna aliyehitaji kufikiri. Wanawake walipiga vigelegele, wakisema baba yake amerudi. Niliwaambia hajarudi mtu, ni zamu tu. Biira alinitazama akiwa kitandani.

"Najua, Profesa," alisema. "Leo nyamaza."

Alikuwa wa pili kuniambia hivyo. Yeye nilimtii kwa hiari.

Mtoto sasa anasoma. Jioni mama yangu husimama mlangoni akaita, "Baluku!" Mtoto huitika papo hapo, hupita chini ya mkono wake, akaingia ndani. Mama hubaki pale, akitazama barabara.

Nimemuuliza mama maswali mengi maishani. Hilo la Baluku yupi sijamuuliza.