Tonge la Aliye Njiani

Apolline alikuwa na cheti cha usafi, na alikitundika ukutani juu ya meza, mahali ambapo wanawake wengine wa mtaa wa Cimpunda walitundika picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Moyo Mtakatifu yeye aliupeleka chumbani. Ilikuwa mwaka 1957, na foyer, shule ya wanawake ya mambo ya nyumbani pale Kadutu, ilikuwa imemfundisha kushona, kupiga pasi na kusugua sufuria mpaka uone uso wako ndani yake. Madamu Mbelgiji wa foyer alipita nyumba kwa nyumba kukagua majiko. Kwa Apolline alifunua kila chungu, akanusa, akaandika. Majirani walicheka, wakasema kwa Apolline hata nzi hupangusa miguu kabla ya kuingia.

Kuna jambo moja hakuwaambia majirani, wala mumewe. Chungu kimoja alichosugua siku ya ukaguzi hakikuwa chake. Kilikuwa cha mama mkwe wake, M'Cirhuza, aliyekuja nacho kichwani kutoka Nyantende alipohamia kwa mwanawe Marcellin. Kila jioni bibi huyo alibakiza tonge moja la bugali ndani ya chungu na kulifunika. Mume wa bibi alikuwa amechukuliwa kwenda kazi ya barabara wakati Marcellin hajaanza hata kutambaa, na hakurudi. Apolline alipouliza tonge lile ni la nani, alijibiwa neno lilelile.

"Kuko mutu iko mu njia. Asikute nyungu haina kitu."

Siku ya ukaguzi Apolline alilibandua tonge, akawatupia kuku wa jirani, akakisugua chungu kwa mchanga na majivu. M'Cirhuza alifunua, akatazama, akafunika. Hakusema kitu, ila tangu siku hiyo hakugusa tena bugali ya nyumba ile. Aliishi kwa ndizi na maji, na mwezi wa saba akafa. Marcellin alidhani ni ugonjwa wa tumbo, na Apolline akamwacha adhani hivyo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wasema, lakini yeye aliusubiri mshindo miezi mitatu bila kuusikia, akaanza kuamini kwamba umempita.

Marcellin alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja. Siku moja ya mwezi wa kumi alikuwa anarudi na maharage kutoka Walungu, pamoja na fundi wake Bulonza, mtu mzima, mzito, mwenye viatu vya kiaskari. Bulonza hakuingia nyumba ya mtu bila kugonga viatu mara tatu kizingitini ili matope yaanguke. Ndiyo maana kati ya wageni wote, Apolline alimpenda yeye.

Saa nane mchana anga upande wa Kabare likawa jeusi, na mvua ya mawe ikaanza. Mabati yalipigwa hata Apolline hakuweza kusikia sala yake mwenyewe. Kisha ikakatika ghafla. Alipofungua mlango wa jiko akakuta uwanja wote mweupe, migomba imechanwa, hakuna kuku, hakuna sauti ya mtu. Alikumbuka madamu alivyowahadithia kwamba kwao Ulaya kitu cheupe hufunika mapaa, na watu hujifungia ndani na kupika supu. Wakati ule walicheka wote. Sasa hakucheka, maana baridi ilikuwa inaingia chini ya mlango, na barabara ya Walungu ina kona zisizopenda utelezi.

Akataka kitu cha moto tumboni. Akabandika maharage na mateke, vile viazi vizito vinavyonatanata, akatia mawese na kitunguu. Kilikuwa chakula cha M'Cirhuza, na Apolline hakuwahi kukipika tangu mazishi. Mkono wake ukashusha chungu cha bibi kutoka juu ya kabati, akasongea bugali humo. Mvuke ulijaa jiko. Kwa muda mfupi alijisikia salama kabisa.

Alipotoka kumwaga maji akaona nyayo kwenye ule weupe. Zilitoka langoni, na lango lilikuwa bado limefungwa kwa waya. Zilikuja moja kwa moja mpaka kizingiti cha jiko, zikakoma hapo. Zilikuwa za miguu mitupu, na mguu wa kushoto haukuwa na kidole gumba. M'Cirhuza alikatwa kidole hicho kwa sababu ya funza.

Apolline aliogopa, tena aliona haya, na haya ndiyo iliyomuuma zaidi. Alielewa kwa nini nyayo zimekomea mlangoni: chunguni hakukubakizwa tonge. Akarudi ndani, akakata tonge la bugali, akalirudisha chunguni. Tonge moja.

"Mama, ni ya Marcellin," akasema. "Iko mu njia."

Akafunika. Alipochungulia tena, nyayo zilezile zilikuwa zimegeuka. Zilivuka uwanja na kuelekea barabara ya Walungu.

Marcellin alifika giza linapoanza, kwa miguu, matope mpaka kiunoni. Alikaa karibu na moto bila kuvua koti. Alieleza polepole kwamba lori liliteleza juu ya mawe ya mvua, baada ya Nyantende, likaelekea bondeni. Mlango wa upande wake, uliofungwa kwa waya tangu Pasaka, ulifunguka wenyewe, akatupwa kwenye migomba. Mlango wa Bulonza haukufunguka. Bulonza alikuwa huko chini, amelaliwa na lori, na kesho watu wangeshuka kwa kamba kuutoa mwili.

Apolline aliketi kando yake. Alimwambia mumewe yote: kuku wa jirani, mchanga na majivu, nyayo, na lile tonge. Alisema kwamba alimwombea mtu wake tu, wala Bulonza hakumjia hata akilini. Marcellin alisikiliza bila kumtazama. Kisha akafunua chungu na kutoa tonge. Lilikuwa baridi kama jiwe la mvua, ingawa chungu kilikaa kando ya moto muda wote. Akalikata kati, akala nusu, akairudisha nusu nyingine na kufunika.

"Bulonza angali mu njia," akasema.

Nje, ule weupe ulikuwa umeyeyuka wote, na uwanja ulikuwa matope matupu. Ndipo viatu vizito vilipokuja vikikanyaga polepole mpaka kizingitini, vikagongwa mara tatu.

Marcellin hakuinua kichwa. Apolline ndiye aliyesimama, akapangusa mikono kwa kitenge chake, akaenda kukifunua chungu.

"Karibu, papa Bulonza," akasema. "Chakula iko."