Cheti cha Dada Yake

Mimi ni mtu wa masjala. Kwa asiyejua, masjala ni kile chumba cha faili ambacho kila ofisi ya serikali inacho, na ambacho hakuna mkubwa anayejua kiko wapi mpaka siku faili yake mwenyewe ipotee. Nimekaa humo miaka ishirini na kitu, nikitoka Kawangware asubuhi na kurudi jioni na vumbi puani. Sijivunii sana, lakini pia sitaki mtu anidharau.

Aliyekuwa akituletea chai ni mama mmoja wa Kambi Muru, kule Kibera, mtu wa mkoa wa Magharibi kama mimi. Tulizoeana kwa sababu hakuwa na haraka ya kutoka. Alijua chai yangu haina sukari, na kila siku alinitania kwamba mimi sinywi chai, nakunywa dawa. Jumapili tulitembeleana baada ya kanisa. Kama kuna rafiki mmoja nilimpata kwa kazi ya serikali, ni huyo.

Halafu serikali ikaamua kuunganisha shirika letu na lingine lililokuwa likifanya kazi ileile upande wa pili wa mji. Ghafla tukawa na wakurugenzi wawili, masjala mbili, wapika chai wawili, na viti havitoshi. Kila mtu alijua wengine tutarudishwa nyumbani, ila hakuna aliyesema ni nani. Ikaja barua kwamba vyeti vya shule vya wafanyakazi wote vihakikishwe upya, na wafanyakazi hewa waondolewe, yaani yale majina yanayolipwa na hayana mtu. Kazi ya kutoa faili zote ilikuwa yangu.

Jumapili iliyofuata yule mama akaja kwangu, akaketi bila kuvua kitambaa cha kichwa. Nikajua kuna neno.

"Ile cheti iko kwa faili yangu si yangu," akasema. "Ni ya dada yangu."

Dada yake alikuwa amemaliza shule vizuri, akaugua, akafa kabla hajakitumia hicho cheti popote. Yeye mwenyewe alikuwa ameachia masomo njiani. Aliposikia kuna kazi Nairobi, mama yao alimpa cheti cha marehemu, akachukulia kitambulisho nacho, na tangu siku hiyo akawa anaitika kwa jina la dada yake. Zamani watu wengi walifanya hivyo, na wala halikuwa jambo la kushangaza. Lakini kifo cha yule dada kilikuwa kimeandikishwa kwa chifu, na wahakiki wakiuliza kule nyumbani wangeambiwa mtu huyo alishazikwa.

"Nimebakisha miezi nane nistaafu," akaniambia. "Weka hiyo faili chini tu. Si nyinyi hupoteza faili kila siku?"

Nilicheka. Nikamwambia itakaa chini, asiwe na wasiwasi. Nilimwahidi kwa mdomo wangu huu.

Wahakiki walikuwa vijana wawili wenye kompyuta zao, wapole kabisa. Siku ya mwisho yule msichana akapitia orodha yake, akaniuliza, "Madam, hizi ndizo zote?" Pembeni alikuwa amesimama karani wa masjala ile nyingine, ambaye alishamaliza za kwake tangu juzi, zimepangwa zimepangika. Kati yangu na yeye angebaki mmoja.

Ningesema ndiyo, yangeisha. Kwani nani angejua? Nikasema, "Iko moja imebaki." Nikaenda mwenyewe, nikainama, nikaitoa chini nilikoiweka kwa mikono yangu, nikampa. Niliogopa. Nimejaribu kutafuta neno lingine miezi hii yote na sijalipata.

Jibu lilirudi kutoka nyumbani haraka kuliko barua yoyote niliyowahi kuona katika utumishi wangu. Kwenye ripoti alipangwa na wafanyakazi hewa, kwa sababu jina lake lilikuwa la maiti. Asubuhi hiyo alikuwa amewapelekea chai haohao walioisoma ripoti, nao wakainywa. Wakubwa wawili waliokutwa na digrii za kutiliwa shaka walipewa muda wa kujieleza, na mpaka leo bado wanajieleza. Yeye alipewa saa moja akusanye vikombe vyake. Mimi nilibakishwa.

Ilinichukua miezi miwili kwenda Kambi Muru. Nilimkuta anaanika nguo. Akanikaribisha, akaniwekea chai isiyo na sukari, akaniuliza habari za kifua changu kinachosumbuliwa na vumbi la faili. Hakunigombeza. Ningependa anigombeze, ningejua pa kuanzia kuomba msamaha. Nikaomba hivyohivyo, vibaya, nikiangalia kikombe.

"Hiyo kazi ilikuwa inaisha tu," akasema. "Hiyo si neno. Lakini unajua dada yangu hakuzaa. Kule kwetu hakuna mtoto amepewa jina lake. Ni pale tu kwa ofisi kila asubuhi kulikuwa na mtu wa kumwita. Nilikuwa nasikia vizuri sana mkimwita. Sasa ni nani atamwita?"

Nilikuwa na lile jina mdomoni, miaka yote hiyo nimelitaja mara ngapi sijui, na halikutoka. Nikanywa chai mpaka ikaisha. Nilipoinuka kuaga nikamuuliza lake yeye ni lipi, lile alilopewa na mama yake.

"Hilo ungeniuliza ile Jumapili," akasema, akachukua kikombe changu akaenda kukiosha.