Vita vya Mama Birika na sisimizi wa mitungi tisa

Saa moja kasoro robo asubuhi, Mama Birika yuko chini ya meza. Amepiga magoti juu ya gunia lililokunjwa, simu yake ikiwa imewashwa tochi, anakagua miguu ya meza mmoja baada ya mwingine kama daktari anayepita wodini.

"Wa kwanza salama," anasema.

"Wa pili?" anauliza mama mkwe wake, aliyeketi kwenye kigoda karibu na mlango, redio ndogo mapajani.

"Salama. Wa tatu pia."

"Wa nne ndio mhuni. Uangalie vizuri."

Mama Birika anainama zaidi. Kila mguu wa meza umesimama ndani ya kopo lenye maji na tone la sabuni. Kwenye kopo la nne kuna unyoya mmoja wa kuku unaoelea. Anautoa, anautazama pande zote mbili, anautia mfukoni.

"Unyoya tu, mama."

"Unyoya ni daraja," anajibu bibi huyo. "Wewe ungekuwa sisimizi ungejua."

Juu ya meza kuna mitungi tisa ya kioo, kila mmoja umefunikwa kitambaa cheupe na kubanwa kwa mpira. Ndani yake kuna kombucha, kinywaji kinachotokana na chai yenye sukari iliyoachwa ichachuke kwa siku saba hadi kumi. Saa nne atakuja bwana afya. Akikuta chumba kiko safi, Mama Birika atapewa cheti cha kuuza. Akikuta sisimizi, mitungi yote tisa itarudi kuwa mitungi ya maji.

Bwana afya huyo alikwisha kuja mara moja, wiki sita zilizopita. Nakala ya ripoti yake imebandikwa kwenye mlango wa jokofu. Kwenye mstari wa wadudu ameandika neno moja: "Wengi."

"Angeandika hata idadi ningejisikia vizuri," anasema Mama Birika. "Wengi ni neno baya. Linakuacha ujaze mwenyewe."

Ana miaka hamsini na mitatu, mfupi, mchangamfu, na ana mazoea ya kufuta kitu chochote kilicho mbele yake, hata kama ni safi. Jina la Mama Birika alilipata kazini. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpishi wa chai katika ofisi moja yenye ghorofa nne. Alijua nani anakunywa bila sukari, nani anasema hatumii sukari lakini anaongeza akiwa peke yake, na nani hastahili kusemeshwa kabla ya kikombe cha kwanza.

Kisha ofisi ikanunua mashine. Unabonyeza kitufe, chai inatoka. Mama Birika aliambiwa habari hizo na meneja aliyekuwa ameshika kikombe cha chai aliyopikiwa naye.

"Sikulia pale," anasema. "Nilisubiri amalize, nikachukua kikombe, nikakiosha. Nililia jikoni, na maji ya bomba nikayaacha yatiririke ili wasinisikie."

Siku ya kuaga, mhasibu wa ofisi alimpa zawadi ndani ya chupa ya jemu. Ilikuwa utando mnene, laini, wa rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai, ukielea kwenye maji machachu. Utando huo ndio unaochachusha chai, na watengenezaji huuita mama.

"Mhasibu aliniambia, umeishi na chai miaka yote hii, nenda nayo nyumbani. Nikafika, nikamwonyesha mama mkwe. Akauliza kama ni kiungo cha mtu."

"Niliuliza kwa adabu," anasema mama mkwe.

Leo mama huyo wa chupa ya jemu ana watoto tisa, mmoja katika kila mtungi. Mama Birika anauza chupa sitini kwa wiki, kwa majirani, saluni mbili na jumba la mazoezi la mtaa wa pili. Kipato chake ni kama robo tatu ya mshahara wa zamani. Hakijatosha, lakini ni chake.

Tatizo ni kwamba kombucha inapenda kupumua. Ukiifunga kwa kifuniko cha kubana, inaharibika. Ukipuliza dawa ya wadudu chumbani, yule mama wa mtungini anavuta dawa hiyo kupitia kitambaa, na mnywaji naye ataipata. Kwa hiyo kilichobaki ni dawa za nyumbani, na katika hilo Mama Birika hakubakiza kitu.

Alianza na karafuu. Alizimwaga kuzunguka meza mpaka nyumba nzima ikanukia kama sherehe. Sisimizi walizikwepa siku moja, siku ya pili wakapita katikati yake. Akaleta mdalasini wa unga. Sisimizi hawakuupenda, ila feni ikaupeperusha na mama mkwe akapiga chafya mfululizo mpaka akakosa taarifa ya habari. Akajaribu maganda ya ndimu, akajaribu poda ya mtoto, akachora mistari ya chaki sakafuni kama uwanja wa mpira.

Mume wake, fundi baiskeli, naye alitoa mchango wa kiufundi. Aliipaka miguu ya meza grisi ya mnyororo. Sisimizi walikwama, ni kweli, lakini mteja wa saluni alirudisha chupa akisema kinywaji kina harufu ya gereji.

"Nilimwambia mume wangu asante, endelea na baiskeli," anasema Mama Birika.

Makopo ya maji ndiyo yaliyoelekea kufaa. Kwa siku mbili hakuonekana hata mmoja. Siku ya tatu walishuka kwa waya wa taa, wamepanga mstari mmoja, bila haraka, wakatua kwenye kitambaa cha mtungi wa tano. Wiki hiyo alimwaga mitungi minne.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," mama mkwe anakumbuka. "Hawa walikuwa na mwezi mzima, na jembe hawalijui."

Kilichomchanganya zaidi Mama Birika ni kwamba alikuwa anafuta meza mara nne kwa siku, na anafuta kwa siki. Kila mtu alimwambia siki ndiyo kiboko, kwa sababu inafuta harufu ambayo sisimizi wa mbele humwachia wa nyuma. Alifuta asubuhi, adhuhuri, alasiri na jioni. Kadiri alivyofuta, ndivyo walivyozidi.

Jibu lilitoka kwenye kigoda.

Mama mkwe wake ana miaka sabini na minane. Alifanya kazi ya kufua mashuka ya hoteli maisha yake yote, na magoti yake sasa hayamruhusu kwenda mbali. Kombucha hainywi. Huiita "chai iliyokata tamaa". Lakini kigoda chake kinatazama meza moja kwa moja, na kwa wiki nzima, redio ikiwa imewashwa, alikuwa anawatazama sisimizi.

Jioni moja alimwita mkwewe. "Mwanangu, hii siki unanunua wapi?"

"Sinunui, mama. Ninayo."

Ndivyo ilivyokuwa. Mama Birika, mtu wa kubana matumizi, aliona haina maana kununua siki dukani wakati nyumbani ana kombucha iliyozidi kuchacha. Chupa ikikaa mno inakuwa kali kama siki, inanuka kama siki, inakunja uso kama siki. Kwa hiyo zile zilizoharibika alizimimina kwenye chombo kimoja, akawa anafutia meza. Alichosahau ni kwamba chupa zake, kabla ya kuuzwa, hutiwa juisi ya pasheni na kijiko cha sukari. Ukali ulikuwepo, na utamu nao ulikuwepo chini yake.

Mama mkwe hakubishana. Alitaka meza ioshwe yote kwa maji matupu, kisha akaomba kipande cha chaki na mstari uchorwe katikati yake. "Huku futa kwa siki yako. Huku usiguse mpaka kesho."

Mama Birika anasema hakulala vizuri kwa kuiacha nusu ya meza bila kufutwa. Asubuhi yake aliiona mwenyewe. Upande ambao haukufutwa haukuwa na kitu. Upande uliofutwa ulikuwa umejaa, na wengine walikuwa wametulia, vichwa chini, wanakunywa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama mkwe alimwambia. "Unawaandalia meza mara nne kwa siku, halafu unawauliza wamefuata nini."

Mama Birika alikaa sakafuni. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha, anakiri, akalia kidogo. Mitungi minne alikuwa ameimwaga kwa kosa la kitambaa chake mwenyewe.

Siku hiyohiyo alinunua siki nyeupe ya dukani. Meza ikasuguliwa kwa maji ya moto na sabuni, ikafutwa kwa siki, ikasogezwa shubiri mbili kutoka ukutani. Taa ikahamishwa. Makopo yakabadilishwa maji kila asubuhi. Hiyo ni wiki ya tatu sasa, na ndiyo maana leo anaweza kumsubiri mgeni wake.

Saa nne na dakika tano bwana afya anabisha hodi. Ni mwanamume wa makamo mwenye begi la ngozi na sauti ya upole. Anavua viatu, ananawa mikono, anaingia. Anaweka begi kwenye kiti na kuanza kazi.

Anainama chini ya meza. Anapitisha kidole kwenye ukingo. Anainua kitambaa cha kila mtungi na kukirudisha. Anasogeza jokofu, anatazama nyuma yake. Mama Birika amesimama na kitambaa mkononi, hafuti chochote, na kwa wanaomjua hiyo ni dalili ya hofu. Redio imezimwa.

"Mama, hongera," anasema hatimaye, akitoa fomu kwenye begi na kuiweka ukingoni mwa meza. "Nikilinganisha na mara ya kwanza..."

Juu ya fomu, kati ya tarehe na mahali pa sahihi, anatembea sisimizi mmoja.

Mama Birika anamtazama mdudu yule akipita kwenye jina lake, herufi kwa herufi.

"Huyo si wetu," anasema mama mkwe kutoka kwenye kigoda.

Bwana afya anageuka. "Unasema, bibi?"

"Wetu ni weusi, wadogo, wana haraka. Nimekaa nao mwezi mzima, nawajua kama wajukuu. Huyo ni mwekundu na anatembea kama aliyeshiba. Fungua begi lako, mwanangu."

Bwana afya anasita, kisha anafungua. Chini ya mafaili kuna pakiti ya biskuti iliyofunguliwa, pengine tangu juzi, na ndani yake kuna mji mzima. Sisimizi wekundu wamejaa kwenye mikunjo ya karatasi, kwenye zipu, hata kwenye kalamu.

Mtu huyo anasimama akiwa ameshika begi mbali na mwili wake. Uso wake unapita hatua tatu za aibu kabla ya kuanza kucheka. Mama Birika anacheka baada yake, na safari hii anapata ruhusa ya kufuta.

"Usiliweke hapo," anamwambia, akimtoa nje na begi lake. "Kung'uta kwanza kule mbali. Halafu chukua siki, ya dukani, bwana afya, ya dukani, ufute ndani na nje. Usiache utamu wowote. Acha na karafuu mbili mfukoni mwa begi, zitasaidia siku chache."

"Kalamu je?"

"Kalamu ioshe. Tunaihitaji."

Kalamu inaoshwa. Mstari wa wadudu unajazwa. Mama mkwe anadai asomewe kilichoandikwa, na anasomewa: "Hakuna." Anafikiri kidogo.

"Ongeza 'isipokuwa wa mkaguzi'."

Bwana afya haongezi. Lakini anaondoka na chupa mbili, amezilipia, na cheti kinabaki mezani. Mama Birika hakibandiki mara moja. Anakaa kwenye kiti mbele yake, mikono imetulia mapajani.

Cheti hicho kina safari. Mwezi uliopita yule mhasibu alimpigia simu. Watu wa ofisini wameichoka chai ya mashine na wanataka chupa ishirini na nne za kombucha kila wiki, ila ofisi hainunui kwa mtu asiye na cheti. Ishirini na nne hizo, anasema, zitamfikisha pale mshahara ulipokuwa, na kupita kidogo. Akijaliwa, mwakani atajenga chumba cha mitungi pekee, chenye sakafu ya vigae, ili meza ya kulia chakula irudi kwa familia.

"Miaka kumi na tisa niliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa jikoni," anasema. "Jumatatu naingia kwa mlango wa mbele. Mpokezi ataniandika kwenye daftari la wageni. Nimeshachagua gauni."

Mama mkwe anamsogelea taratibu, kwa magoti yake hayohayo, anachukua glasi na kuinyoosha kuelekea mtungi wa tano. Mama Birika anamjazia kidogo, akiogopa kumshtua. Bibi anaonja. Anakunja uso, anameza.

"Na wakikuona pale mlangoni, wakakuomba uwapikie chai kama zamani?"

Mama Birika anacheka, anachukua kitambaa, anafuta tone lililodondoka kando ya glasi.

"Nitawaonyesha kitufe."