Kalasi Karibu na Gare

Juzi niliwakuta vijana wakibomoa ile nyumba ya zamani karibu na gare ya treni. "Ni ya Wazungu, Mama," waliniambia.

Ya Wazungu! Damu ilinichemka. Nilipokuwa mutoto, Kalemie ikiitwa Albertville, ukutani palikuwa na kibao: "Bâtiment classé". Mimi nikasoma "kalasi", darasa la shule. Mchana mmoja niliketi mlangoni na daftari, nikimungojea mwalimu, harufu ya samaki wadogo, ndagala, ikipanda kutoka bandarini, hadi Papa akanikuta.

Alicheka sana. "Hapa si masomo. Maana yake sheria inakataza kuibomoa." Kisha akagusa ukuta, akaacha kucheka. "Matofali haya, babu yako njo aliyabeba na kichwa."

Niliona haya. Leo najua ilikuwa kalasi kweli, na hawa vijana hatukuwaleta hapa hata siku moja kusoma kazi ya babu zetu.