Chombo cha Mbege Nilichokifuata Mbuchi

Ndugu zangu wa Kibosho, mliniuliza kwa barua ilikuwaje mwalimu mzima akapanda boti kwenda kutafuta chombo cha pombe. Ilikuwa hivi. Mdogo wangu Aloisi alitaka kumwoa binti wa mzee mmoja wa Machame, bwana afya mstaafu aliyehamia hapa Kibiti ninakofundisha. Baba yetu hayupo tena, kwa hiyo posa ilikuwa juu yangu. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, bia za chupa zilijaa madukani, nami nikadhani kreti mbili zitatosha. Mzee alikataa kistaarabu. "Bia ananunua yeyote, mwalimu. Nipikieni mbege ya ndizi na ulezi kwa mikono yenu, nijue binti yangu anakwenda kwa watu." Alinipa wiki mbili, na Aloisi alikuwa hapati usingizi kwa wasiwasi.

Kupika sikujua, maana kwetu walipika akina mama na sisi kazi yetu ilikuwa kunywa. Dada alinitumia ulezi kwa basi pamoja na maelezo ya kupika na orodha ya vitu vya kuanzia: sufuria kubwa, mwiko mrefu, chujio, kata ya kibuyu, na chombo cha kuchachushia.

Ijumaa jioni, sokoni Kibiti, nilikuwa nimepata vyote isipokuwa hicho cha mwisho. Mapipa ya mbao kama ya kwetu hayajulikani Pwani. Ya plastiki yalikuwapo, ila yalinuka mafuta ya kula yaliyochacha, nikayakimbia. Muuza vyungu mmoja akaniambia mitungi imara inafinyangwa na Bi Mwanahawa, mama wa Mbuchi, kijiji cha huko delta ya Rufiji.

Jumamosi alfajiri nilidandia lori lililokuwa likifuata boriti za mikoko Nyamisati, na kutoka hapo nikapanda boti la injini. Katikati ya mikoko maji yalipungua, tukakwama. Abiria wote wakashuka kusukuma, mimi nikabaki nimeshika soksi zangu. "Mwalimu, shuka bwana, tope halina daftari!" mmoja akanipigia kelele. Nilishuka, nikazama mpaka magotini, wakanicheka mpaka nikacheka nami.

Mchana tulifika Mbuchi. Bi Mwanahawa, mjane mwembamba mwenye mikono ya udongo, alinipokea uani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtungi wa kazi gani?"

Nikamtazama alivyojitanda kanga, nikatazama msala wa kuswalia ulioanikwa kambani, nikaona haya kutaja pombe. "Wa maji, mama. Kuna harusi nyumbani."

Alifurahi kama harusi ni yake, akanichagulia mtungi. Boti lilikuwa linasubiri maji yajae hadi kesho yake, basi akanipikia wali wa nazi na kamba, akanitandikia chumba cha mwanawe aliyeko Mafia. Hakuniuliza hata dini yangu.

Jumapili asubuhi niliamshwa na harufu ya ubani. Mtungi wangu ulikuwa umefunikwa juu ya chetezo, moshi ukifuka pembeni. "Nimeufukiza na kuusomea dua," alisema. "Maharusi wanywe maji ya baraka."

Niliona aibu iliyonitoa jasho. Ningeweza kuubeba na kunyamaza, lakini nilishindwa. "Mama, nimekudanganya. Mtungi nilitaka nichachushie pombe."

Aliendelea kukoleza makaa. "Ungesema jana nisingekubali kukuuzia."

"Ndiyo maana sikusema. Niliogopa kukuvunjia heshima."

"Umekula wali wangu na kulala kwangu, huku unanidanganya. Heshima hapo haijavunjika?"

Nikamwomba radhi. Baadaye, kwa sauti ya chini, aliniuliza kama Kibiti hakuna chombo kingine. Nikamweleza habari za mapipa.

"Na mtungi huu usingekufaa. Unatoka jasho ili maji yapoe, pombe yako ingevuja yote. Pipa hilo lisugue kwa majivu na maji ya moto, ulianike siku tatu. Sisi mapipa hayo hukingia maji ya mvua. Utakachotia wewe, mimi simo."

Mtungi ulibaki kwake. Sikuthubutu kuuomba.

Nilirudi Kibiti mikono mitupu, nikanunua pipa, nikasugua kwa majivu mpaka vidole vikachubuka. Siku ya tatu harufu ilikuwa imekwisha, nikapika kwa kufuata maelezo ya dada. Siku ya posa mzee alionja, akafumba macho, akampa mkewe kata. Aloisi alilia mbele za watu, nami nilijua ni nani aliyetuokoa.

Nilichojifunza ni kwamba chombo huchaguliwa kwa kutaja kazi yake, na anayetajiwa ni yule anayekijua, hata kama unamwonea haya. Shule zilipofungwa nilirudi Mbuchi. Nilibisha hodi, na kabla sijaingia nikasema, "Mama, pipa lilikubali, pombe iliiva, posa ilipokewa. Sasa maharusi wanahitaji mtungi wa maji, na safari hii ni wa maji kweli."

Bi Mwanahawa akasogea mlangoni kunipisha.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Leo ndiyo umefika."